Safu ya R

Karatasi ilikuwa na muhuri wa jimbo. Jina la marehemu lilikuwa sawa, tarehe sawa, anwani sawa. Penye sababu ya kifo palikuwa na neno moja tu la Kiingereza, nami nikalitafsiri kama lilivyo: inasubiriwa.

Mama mwenye karatasi ni Mkongomani wa Uvira. Kiswahili chake na changu cha Tanga hugombana kidogo kabla ya kuelewana, ila siku hiyo hapakuwa na ugomvi. Aliniangalia, akaiangalia karatasi, akauliza, "Dada, inangoja nini?"

Nilikuwa nimeitwa kwa sababu mtaani kwetu wanajua kwamba mimi ni "yule dada wa vifo". Si jina la kujivunia, lakini nimelitafuta mwenyewe. Kuanzia 2020 nimekuwa nikifuatilia, wiki baada ya wiki, watu wa jimbo hili wanakufa kwa nini. Sina shahada ya takwimu. Nina Excel, daftari la shule lenye jalada la bluu, na ubishi wa kurithi.

Naishi Columbus, Ohio, Marekani, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kutunza wazee. Kwetu tunaita kubeba boksi, hata kama unachobeba si boksi bali bibi wa miaka tisini anayetaka kupelekwa chooni saa tisa usiku. Korona ilipoingia, Machi na Aprili 2020, vitanda kwenye nyumba tuliyokuwa tunafanyia kazi vilianza kubaki vitupu. Jioni nikifika nyumbani nawasha televisheni, gavana anatangaza idadi ya siku. Idadi hiyo haikuwa inaelewana na macho yangu. Siku tuliyopoteza wazee wawili kwenye zamu moja, televisheni inasema hali ni nafuu. Siku iliyotulia, wanasema vifo vimeruka. Nikadhani nadanganywa. Nesi mmoja wa zamu yangu, mtu wa maneno machache, akanionyesha jedwali kwenye simu yake akasema nisome hilo, niachane na televisheni.

Jedwali lenyewe lilikuwa la Kituo cha Taifa cha Takwimu za Afya, kilicho chini ya CDC, shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa. Kila mstari ni wiki moja ya jimbo moja. Safu ya kwanza ni vifo vyote. Inayofuata ni vifo vya maradhi, yaani ukitoa ajali, mauaji, kujiua na sumu. Kisha zinakuja safu za magonjwa: maambukizi ya damu, saratani, kisukari, Alzheimer (ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni), mafua na nimonia, magonjwa sugu ya mapafu, figo, moyo, kiharusi, na mwishoni korona yenyewe, ambayo ilipewa safu mbili. Moja ni ya wale walioandikiwa korona popote kwenye cheti, nyingine ni ya wale ambao korona ndiyo iliyowaua hasa. Mabishano yote ya "amekufa na korona au kwa korona", yaliyovunja undugu kwenye magrupu ya WhatsApp, yalikuwa yamekaa pale bila makelele, safu ya kushoto na safu ya kulia.

Ohio ina watu karibu milioni 11.8. Kabla ya korona walikuwa wanakufa zaidi ya 2,300 kila wiki. Nilikulia mahali ambapo msiba mmoja husimamisha mtaa, maturubai yanafungwa, shule inatoa wanafunzi wakaimbe. Kusoma kwamba wiki ya kawaida kabisa, wiki ambayo hakuna lililotokea, ina misiba zaidi ya elfu mbili na mia tatu kulinifanya niketi. Zaidi ya 500 kati ya hao ni moyo. Karibu 500 ni saratani. Wiki inayofuata ni hivyo hivyo, mia chache za moyo, mia chache za saratani, kama vile kuna mtu anayegawa. Nilichokiona mwanzo hakikuwa huzuni, nikiri tu. Nilishangaa jinsi mauti yalivyo na utaratibu.

Kuhusu wiki: ya kwao huanza Jumapili na kuisha Jumamosi. Mimi lugha yangu inahesabu Jumamosi kuwa mosi, kwa hiyo miezi ya kwanza nilikuwa naisoma kila wiki ikiwa imekatwa mkia. Halafu kuna miaka yenye wiki 53. Mwaka 2020 ulikuwa mmojawapo, kana kwamba haukuwa mrefu vya kutosha.

Ni vizuri kujua tarakimu inafikaje kwenye kila kijumba cha jedwali. Mtu akifa, wenye biashara ya mazishi wanajaza upande wa maisha yake: jina, kuzaliwa, kazi, elimu, ndoa. Daktari anajaza upande wa kifo. Upande huo una mistari inayoshuka, na ndipo wengi wanapokosea. Mstari wa juu ni kilichomwua mwishoni, wa chini yake ni kilicholeta hicho, na wa chini kabisa ni chanzo cha yote. Nimonia, iliyoletwa na kiharusi, kilicholetwa na presha ya miaka. Pembeni kuna nafasi ya magonjwa mengine yaliyosaidia kusukuma. Kinachohesabiwa kwenye safu ni kile chanzo, lile jiwe la kwanza lililoporomosha mengine. Ndiyo maana madaktari wanakatazwa kuandika "moyo umesimama" halafu wakanyamaza. Nani amewahi kufa moyo wake ukiendelea?

Cheti kinakwenda ofisi ya usajili ya jimbo, kinatumwa CDC, na pale maneno ya daktari yanageuzwa kuwa herufi na namba za orodha ya kimataifa ya magonjwa. Herufi I imebeba moyo na kiharusi, C ni saratani, J ni mambo ya pumzi. Vyeti vingi, kama vinane katika kumi, hugeuzwa na kompyuta kwa dakika chache. Vilivyobaki vinasomwa na watu. Vya korona, mwanzoni, vyote vilisomwa na watu, na hilo peke yake liliongeza kama wiki moja ya kusubiri. Kwa hiyo mzee aliyekufa kwenye zamu yangu Jumanne angeonekana kwenye jedwali baada ya wiki mbili, pengine tano, pengine nane, lakini akifika anakaa kwenye wiki yake mwenyewe, wiki aliyokufa. Televisheni ilikuwa inatangaza siku taarifa ilipofika. Kumbe sikuwa nadanganywa. Marehemu ana siku aliyokufa, siku aliyoandikwa na siku aliyotangazwa, na mimi nilikuwa nikizichanganya zote tatu kwenye sufuria moja.

Ohio ilikuja kuonyesha tofauti hiyo kwa namna ambayo hakuna aliyeipenda. Februari 2021 idara ya afya ya jimbo ilikiri kwamba vifo vya korona vinavyofika 4,000 hivi havikuwa vimehesabiwa. Walikuwa na mifumo miwili, mmoja wa kufuatilia wagonjwa na mwingine wa vyeti vya vifo, na kazi ya kuilinganisha ilikuwa imeachwa nyuma. Vifo vingi kati ya hivyo vilikuwa vya Novemba na Desemba. Viliongezwa kwa mkupuo, idadi ikaruka kwa siku kadhaa, na simu yangu ikalia hadi betri ikaisha. "Ohio kuna nini? Mbona mnakwisha?" Ndugu wa Dar, ndugu wa Muscat, shangazi wa Mombasa. Nikafungua jedwali. Februari ilikuwa inashuka, inashuka vizuri. Desemba ndiyo iliyokuwa imejaa, na ilikuwa imejaa siku zote, kwa sababu vyeti vyenyewe vilikuwa vimeandikwa kwa wakati wake, ila hakuna aliyevisoma pamoja na ile orodha nyingine. Mwezi uliofuata jimbo likaamua kuhesabu kwa vyeti. Nilimwambia shangazi kuwa watu wale hawakufa wiki hii. Akajibu, "Sasa hiyo ni habari njema au mbaya?" Bado sijampa jibu la maana.

Kosa la kila anayeanza, na mimi nilifanya la kwangu hadharani, ni kuamini mistari ya mwisho. Ukichora mchoro wa jedwali hili, mwishoni mstari unaanguka kama umesukumwa kutoka darini. Juni 2020 niliandika Facebook kwamba vifo vya moyo Ohio vimepungua kwa nusu, nikaweka na mchoro. Watu wakashangilia, mmoja akasema ni kwa sababu hospitali zimefungwa, nesi wangu akanitumia ujumbe wa maneno manne: "Subiri wiki nane, mama." Wiki nane baadaye moyo ulikuwa umerudi mahali pake. Tangu siku hiyo ninapiga mstari wa penseli daftarini. Chini ya mstari ni wiki ambazo hazijaiva, na kilicho chini ya penseli sikisemi kwa mtu. Majimbo mengine hata wiki nane hazikutosha. North Carolina, iliyokutwa na korona bado inategemea vyeti vya makaratasi, ilikuwa na mkia mrefu sana wa wiki ambazo hazijaiva, na watu walikuwa wanauonyesha ule mkia kama ushahidi kwamba ugonjwa haupo.

Zipo hitilafu nyingine nazipita haraka. Kijumba kilicho tupu si sifuri. Ni watu kati ya mmoja na tisa, wamefichwa ili jirani asije akamtambua jirani. Ohio ni kubwa, hilo hutusumbua mara chache, ila ukifungua Wyoming, jimbo lenye watu wachache, utaona matundu mengi kuliko namba. Tena mtu huhesabiwa mahali alipofia. Mkazi wa Kentucky aliyevuka mto akafia hospitali ya Cincinnati ni wa Ohio kwenye jedwali hili, apende asipende.

Na kuna Alzheimer. Aprili 2020 safu yake ilipanda nchi nzima kupita ilivyozoea, wakati kila mtu anaangalia safu ya korona. Nilikuwepo. Vipimo havikuwepo vya kutosha, ndugu hawaruhusiwi kuingia, mzee aliyezoea binti yake amlishe analishwa na sisi tuliofunikwa uso, anakataa, anazima. Wengine bila shaka walikuwa na virusi ambavyo hakuna aliyevipima. Wengine nadhani walikufa kwa upweke, na upweke hauna herufi kwenye ile orodha. Baridi iliyofuata ndiyo iliyonishangaza zaidi: mafua yenyewe, yale ya kila mwaka, yalitoweka karibu kabisa.

Kuhesabu vifo kwa wiki hakukuanza na kompyuta. London walikuwa wakitoa karatasi kila Alhamisi tangu karne ya 17: waliozikwa, waliobatizwa, na sababu za vifo, parokia kwa parokia. Waliopeleka habari walikuwa wanawake, wengi wao wazee maskini, waliolipwa kidogo waende nyumba ya msiba, waangalie maiti na kusema amekufa kwa nini. Walisema walichokiona. Watoto wengine walikufa kwa "meno". Wengine kwa "sayari". Mwaka 1665, tauni ilipofikia kilele, wiki moja ya Septemba iliandikwa vifo 7,165 vya tauni peke yake, na mwaka mzima 68,596, na kila aliyesoma alijua kuna wengine waliofichwa, maana nyumba yenye tauni ilifungwa na watu wake ndani. Miaka mitatu kabla yake, mfanyabiashara wa vitambaa na vifungo aitwaye John Graunt alikuwa amekusanya karatasi za miongo mingi akazisoma kwa pamoja, kazi ambayo hakuna msomi aliyeona ina maana. Ndiye aliyegundua kwamba kwenye karatasi hizo kaswende karibu haimwui mtu London, isipokuwa maskini na wenye kuchukiwa. Wengine walikuwa wameandikiwa vidonda, au wamehamia safu ya kifua kikuu, na Graunt akaandika waziwazi sababu: bia kidogo na sarafu mbili mkononi mwa yule bibi.

Nampenda sana huyo bibi. Ninamwelewa. Angekuwa Columbus leo angefanya zamu pamoja nami.

Sasa nirudi kwenye swali la mama, maana jedwali lina safu niliyoiruka makusudi. Inaitwa R00–R99. Jina lake rasmi ni refu, maana yake ni dalili na hali zisizoainishwa popote pengine. Mimi naiita Safu ya R. Ukisoma wiki za zamani ni safu nyembamba, watu wachache. Ukishuka kuelekea wiki za karibuni inanenepa, inavimba kama mto wa masika. Kila mwaka anatokea mtu mtandaoni akipiga kelele kwamba Wamarekani wanakufa kwa ugonjwa usiojulikana na serikali inaficha. Hakuna kilichofichwa. Pale ndipo wanapokaa waliokufa ambao daktari au mchunguzi wa vifo wa kaunti bado hajaamua. Ohio ina kaunti 88, na nyingi zina mchunguzi wake aliyechaguliwa kwa kura, ambaye lazima awe daktari. Maiti inaweza kuzikwa. Cheti kinaweza kutolewa. Sababu inaachwa wazi mpaka maabara irudishe majibu ya damu, na majibu ya damu yanachukua wiki nyingi. Majibu yakija, cheti kinarekebishwa, mtu anatoka R anahamia safu yake. Ukifungua jedwali lile lile baada ya miezi, R ya wiki ile imekonda.

Wengi wanaokaa R muda mrefu ni vijana, kwa sababu mzee wa miaka 88 mwenye moyo mbovu hachunguzwi damu. Jimbo hili limepigwa na fentanili, dawa kali ya kulevya, kuliko mengi. Mwaka 2021 watu zaidi ya 5,000 walikufa Ohio kwa kuzidisha dawa bila kukusudia. Lakini jedwali la kila wiki halina safu yao. Wakingoja, wanakaa R, na R inajumlishwa kwenye vifo vya maradhi. Majibu yakitoka wanaondoka huko, wanabaki kwenye jumla ya vifo vyote tu, bila kijumba cha jina lao. Ili uwaone inabidi utoe safu ya pili kutoka safu ya kwanza, na hapo utakuwa umewachanganya na waliogongwa na magari.

Nilikulia kwenye redio. Matangazo ya vifo yalikuwa baada ya taarifa ya habari, bibi yangu hakuruhusu mtu apumue. Bwana fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea baada ya kuugua kwa muda mfupi. Habari ziwafikie, halafu orodha ya majina na miji. Muda mfupi, muda mrefu. Hizo ndizo zilizokuwa safu zetu, mbili tu. Ugonjwa gani, hakuna aliyesema, na miaka ya tisini kila mtu alijua kwa nini hakusemwi. Sikuwa nimewahi kuona ubaya wake mpaka nilipoanza kuweka daftari. Sasa nauona ubaya, na bado nauona wema pia. Sitaki kulazimishwa kuchagua.

Kwa hiyo mama aliponiuliza inangoja nini, nilimweleza kuhusu maabara. Nilimwambia si kosa, si kwamba wamemsahau mwanawe, ni hatua. Kijana alikuwa na miaka ishirini na kitu. Akauliza itachukua muda gani. Nikasema wiki nane, labda kumi na mbili. Akasema, "Kumbe hata akisha kufa wanamuweka kwa foleni," akacheka, na kicheko kile kilitufanya wote chumbani tuangalie sakafu. Tangazo la msiba lilikuwa limeshatumwa kwenye magrupu yote, kutoka Columbus hadi Bujumbura. Baada ya kuugua kwa muda mfupi. Niliandika mimi mwenyewe.

Jedwali lile liliacha kusasishwa Septemba 2023. Takwimu zenyewe hazikukoma, zipo kwenye mfumo mwingine wa CDC uitwao WONDER, ambao unakulazimisha uulize swali lako vizuri kabla haujakujibu. Nimehamia huko. Wiki ya yule kijana nilikuwa naiangalia kila nikipata siku ya mapumziko. R yake ilikuwa inashuka, wanne wanatoka, saba wanatoka, wiki nyingine hakuna. Hakuna namna ya kujua ni nani.

Karatasi ya pili ilifika wiki ya kumi na moja. Mama alinipigia simu niende baada ya kazi. Bahasha ilikuwa juu ya meza, haijafunguliwa, na chai ya tangawizi kando yake. Nikaifungua, nikasoma kimya mistari yote, ule wa juu hadi ule wa chini kabisa. Nilichosoma ni cha kwao, sitakiandika hapa. Nilipoinua macho alikuwa ananyoosha mkono.

"Imeacha kungoja?"

"Ndiyo, mama. Imeacha."

Hakuniomba nimtafsirie. Aliikunja mara mbili, akaitia ndani ya Biblia, akanimiminia chai.